Ubao wa Picha Zisizoombwa

Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga Kidevu haiko ukutani kwa mtu. Ilichapishwa mara mbili tu, na zote mbili hazipo tena. Lakini akifumba macho anaiona, na ndiyo maana siku hizi hapendi kufumba macho mchana. Mkewe akimkuta amekodolea dari macho huku chai inapoa, anamwambia, "Baba, kunywa chai. Dari haijakukosea kitu."

Jina la Kidevu alipewa na mtaa. Kidevu chake chenyewe kilikuwa cha kawaida, chenye mvi mbili tatu zilizojichomoza kama uzi uliosahaulika na fundi. Jina lilitokana na neno lake. Ukienda kupigwa picha kwake, uwe bwana mkubwa au mtoto wa kubebwa, utasikia: "Kidevu juu. Juu kidogo. Eh, sasa unatafuta ndege, shusha. Hapo hapo!" Halafu kamera yake kubwa inalia kraa-chap, kama kufuli la sanduku la chuma, na mtu aliye ng'ambo ya barabara anajua kwamba fulani kapigwa picha.

Kamera hiyo ilikuwa mzigo. Mkanda wake ulimchimba shingo mpaka ukamwachia alama. "Huyu alinioa akiwa mrefu," mkewe alikuwa akiwaambia watu. "Ile kamera ndiyo iliyomkunja." Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho Kidevu hakukifikiria hata siku moja mpaka alipokipoteza: huwezi kumvizia mtu nayo. Akitokea tu kwenye kona ya duka la dawa, watu wamekwisha kumwona. Mama anamfuta mwanawe kamasi. Msichana anageuza shavu lisilo na chunusi. Anayetaka anasimama, asiyetaka anapunga mkono: "Leo hapana, Kidevu, nywele zimenikataa!" Naye anapita zake, hana kinyongo.

Picha alizopiga barabarani alizibana kwa vibanio vya nguo kwenye ubao nje ya studio. Mwenye picha alikuja kuitoa kwa mkono wake mwenyewe na kutia malipo kwenye kopo. Ndivyo ilivyokuwa. Walikuja kwa makundi, wakacheka, wakanyoosheana vidole, "tazama mguu wako huo, umesimama kama korongo," wakaondoka wameshika picha kwa ncha za vidole isichafuke.

Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, mwanamke waliyemwita Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyopita mbele yake bila kuonwa pindo lake kwanza. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo wa kubanwa kutokana na kuweka pini mdomoni maisha yake yote. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba huyu akipiga chafya, yule anamwambia afya. Dirisha la studio lilifungukia kwenye baraza ya Pindo, na kupitia dirisha hilo ndipo lilipopita koti. Lilikuwa koti moja jeusi, mali ya Pindo, ambalo mteja fulani aliliacha na hakurudi kulichukua. Mtu akija kutaka picha ya kitambulisho amevaa fulana yenye matundu, Kidevu alipaza sauti, "Dada, koti!" na koti likapita dirishani na pini za kulibana mgongoni. Wanaume wa mtaa ule wote, wanene kwa wembamba, wamo kwenye vitambulisho vyao na koti moja. Polisi mgeni aliyewahi kuwakagua aliuliza kama wote ni ndugu.

Kati ya Kidevu na Pindo kulikuwa na jambo jingine, la zamani, ambalo halikutajwa. Pindo alipokuwa msichana alijishonea gauni lake mwenyewe la harusi. Kidevu, kijana wakati huo, ndiye aliyewekwa kupiga picha. Alifika asubuhi na kamera yake, akakalishwa uani kwenye kiti, akangoja mpaka kivuli kikahama ukuta huu kikaenda ukuta ule. Bwana harusi hakuja. Wanawake walipoanza kuingia chumbani kwa Pindo na kutoka wameshika vichwa, Kidevu aliifunga kamera kwenye mfuko wake, akaondoka kwa mlango wa nyuma bila kupiga hata moja. Gauni lilifumuliwa likawa nguo za watoto. Pindo hakuolewa tena, na hakuna mtu wa mtaa aliyejua habari ile kwa undani isipokuwa Kidevu, aliyekuwepo. Walikaa majirani miaka na miaka, kaka na dada, na hilo lilikaa katikati yao limefunikwa vizuri, kila mmoja akilipita bila kuligusa.

Basi simu zikaingia. Kila mtu akawa na kamera mfukoni, na Kidevu akabaki na picha za vitambulisho na za maiti. Watu walimsalimia kwa huruma, jambo lililomchoma kuliko njaa. Hapo ndipo shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno anayeuza vifaa vya umeme, alipokuja kuwatembelea na kamera ndogo inayoenea kwenye kiganja.

"Shemeji," akasema, akiwa amejimwaga kwenye kiti, "wewe unapiga maiti. Watu wakikuona na hilo dude lako, wanakufa papo hapo. Wima! Mikono ubavuni! Umewahi kumwona mtu akiwa hai wewe?"

"Wanataka wapendeze," akasema Kidevu.

"Ukimwomba mtu picha, atakupa uso wa kitambulisho. Usimwombe. Hii haitoi sauti. Unaitundika hapa kifuani, unatazama pembeni kama unatafuta nyumba ya mtu, kidole kinafanya kazi. Huko nje ndivyo wanavyofanya mabingwa."

"Na wewe kaka yangu," mkewe Kidevu akadakia toka jikoni, "ukiombwa mchango unatoa uso gani? Maana sijauona bado."

Kidevu alicheka, lakini kamera ndogo ilibaki mezani, na shemeji alipoondoka aliiacha, atalipwa taratibu.

Wiki hiyo Kidevu alitembea mtaani mikono mitupu, kwa jinsi watu walivyomwona. Kamera ilining'inia kifuani kama kitambulisho cha mfanyakazi. Hakuiinua machoni. Alimsalimia muuza mkaa kwa mdomo, na kidole kikamnasa akigombana na mteja, mishipa ya shingo imemtoka. Alimpata fundi viatu amelala kinywa wazi, sindano mkononi, nzi ametua kwenye mdomo wa chini. Alimpata mwalimu mkuu akikimbiza kofia yake iliyopeperuka, tumbo mbele, heshima nyuma. Akazichapisha, akaziangalia kwenye mwanga, akaona mwili unamsisimka. Shemeji alisema kweli. Watu walikuwa hai!

Akazibana ubaoni jioni. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la duka la dawa, zote zilikuwa zimeondoka na kopo lina malipo.

Enhe! Kichwa kikamvimba. Akapiga nyingine, zikaondoka. Za zamani, za kidevu juu, zilikuwa zikikaa ubaoni mpaka zinapauka, lakini hizi zilinyakuliwa kama mikate ya moto. Akaanza kutembea kifua mbele. Akamwambia mkewe kwamba muda wote huo alikuwa fundi tu, sasa ndio amekuwa bingwa.

"Bingwa," mkewe akasema, akisugua sufuria. "Na mbona mke wa muuza mkaa siku hizi hanisalimii?"

"Labda ana mambo yake."

"Labda."

Kidevu alikuwa na macho, na macho yalikuwa kazi yake, lakini kuna vitu hakuviona. Hakuona kwamba watu hawaji tena kwa makundi. Walikuja mmoja mmoja, mapema, wakitazama huku na huku. Hakuona kwamba akipita mazungumzo yanakatika kama redio iliyokatiwa umeme. Tena aliwaona kwa macho yake wakizitoa picha ubaoni na kuzikunja, mara moja, mara mbili, na kuzididimiza mfukoni, na haikumjia akilini hata kidogo kujiuliza ni nani anayekunja picha anayoipenda.

Siku ile ilikuwa mchana, saa za watu kusinzia. Kidevu alikuwa ndani ya studio akipanga karatasi, kamera ndogo kifuani, dirisha liko wazi. Barazani kwa Pindo hakukuwa na mteja. Kulikuwa na gauni la harusi la binti wa mwenye duka la mbao, jeupe, kazi ya mikono ya wiki nyingi, lesi mabegani, bado halijatiwa zipu. Pindo hakuwa na sanamu la kuvalishia nguo kama mafundi wa madukani. Kila aliposhona gauni refu aliliinua juu kwa mikono kutazama linavyoanguka. Siku hiyo aliliinua, akalisogeza mwilini, akalishikiza mabegani kwa vidole. Akatazama chini kwenye pindo. Akazunguka nusu. Halafu akafumba macho, na kidevu chake kikapanda juu chenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Kidole cha Kidevu kilifanya kazi.

Aliona gauni la nani. Aliona ni nani aliyelishika. Lile la uani, kiti, kivuli ukutani, vyote vilimpitia kichwani kwa kasi ya panya apitaye chini ya kabati, na akaviacha vipite. Kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri mno. Ulikuja ubavuni, ukapita kwenye lesi, ukamchora Pindo madoadoa shingoni, na uso wake ulikuwa uso wa msichana.

Akaichapisha, na jioni akaibana ubaoni pamoja na nyingine.

Alfajiri, akiwa bado anapiga mswaki uani kwake, mkewe aliyetoka kutafuta maji alirudi akamwambia amemwona Pindo amesimama mbele ya ubao. Kidevu alipofika, picha haipo, malipo yamo kwenye kopo, tena yamezidi. Moyo ukamjaa. Pindo ameipenda! Pindo ambaye hajawahi kununua picha yake hata moja! Mtu mwingine angenyamaza. Kidevu yeye aliingia ndani, akatoa karatasi kubwa aliyokuwa akiiwekea shughuli maalumu, akaichapisha upya, kubwa kama mlango wa kabati, akaitundika juu kabisa ya ubao ili iwe zawadi. Dada atakapofungua duka aikute. Alisimama pembeni akijichekea kama mtoto aliyeficha kitu.

Walioikuta kwanza ni watu wengine.

"Jamani, bibi harusi wetu!" kinyozi akapaza sauti, wembe mkononi. "Pindo! Mahari tumpelekee nani?"

"Bwana harusi ni cherehani," akajibu mwingine. "Wameishi pamoja miaka yote hii bila ndoa!"

Kicheko kilipita barabara nzima. Pindo alitoka na kibao cha kukalia mkononi. Akatazama walikokuwa wakitazama. Kidevu anasema alimngojea atabasamu. Alingoja kweli, mjinga yule, meno yake mwenyewe yakiwa nje tayari. Pindo aliweka kibao chini taratibu, kama mtu aliyebeba mayai, akaingia ndani.

Adhuhuri haijafika, mama wa bibi harusi akawa amefika. Mwanamke mnene, mwenye mkoba wa kung'aa na sauti ya kufika nyumba ya tatu.

"Nimeambiwa na watu! Nimeambiwa na watu barabarani, mwanangu hajalivaa gauni lake, wewe umekwisha kulivaa!"

"Sikulivaa, mama. Nililipima linavyo..."

"Kwenye ubao lipo! Umefumba na macho! Mtu anapima kitu kafumba macho? Ulikuwa unaomba nini kwenye gauni la mwanangu?"

Akalichukua lilivyo, zipu haijatiwa, uzi unaning'inia, akalikunja ovyo kwapani kama mfuko wa nguo chafu. Alipopita mbele ya ubao, alitema mate chini. Kidevu alikuwa amesimama pale pale. Hapo ndipo meno yaliporudi ndani.

Alipanda ngazi, akaitoa ile picha kubwa, akaichana. Ikachanika vibaya, ikabaki na uso mzima upande mmoja, akalazimika kuichana tena.

Mchana huo Pindo aliivuta cherehani kutoka barazani akaiingiza chumbani, mahali pasipo na mwanga. Ukuta ulikaa kimya. Kesho yake vilevile. Mteja alikuja kutaka picha ya kitambulisho amevaa fulana, Kidevu akafungua kinywa kuita "Dada, ko..." akakifunga. Yule bwana akapigwa picha na fulana yake.

Siku ya tatu Kidevu alikwenda akabisha hodi. Pindo alikuwa akinyoosha kaptula za shule kwa pasi ya mkaa, taa imewashwa mchana.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Karibu, mpiga picha."

Hakusema kaka. Kidevu alihisi lile neno kama kofi.

"Nilidhani umeipenda. Uliinunua."

Pindo akafungua kifuniko cha pasi, akamwonyesha majivu na makaa mekundu. "Iko humu. Ilinyoosha suruali mbili. Niliinunua watu wasiione. Nikaingia ndani nikijua nimeimaliza. Na wewe ukanitundikia mama yake, kubwa kuliko ile."

"Sikujua."

"Wote wanakununulia wasionekane. Ulidhani ni nini? Kamuulize fundi viatu ya kwake iko wapi."

Kidevu hakuwa na haja ya kwenda, lakini alikwenda, kama mtu anayebonyeza jino bovu. Fundi viatu alimtazama, kisha akachomoa soli ya ndani ya kiatu alichokivaa yeye mwenyewe. Pale chini, imekatwa kwa umbo la unyayo, kulikuwa na kinywa wazi na nzi.

"Karatasi yako ni nzuri," fundi viatu akasema. "Inazuia unyevu. Mwanangu anasoma kwa mwalimu mkuu, Kidevu. Alikuja kuniuliza, baba, ndivyo unavyofanya kazi, umelala? Nikamwambia hapana. Akasema, nimeona kwenye ubao." Akairudisha soli, akaupachika mguu. "Basi. Kila mtu na kazi yake."

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, na alipomaliza, akaifunga kamera ndogo kwenye boksi lake, akasema anairudisha kwa shemeji. Hiyo ndiyo iliyomharibia. Kubwa haikuwahi kumdhuru mtu.

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Irudishe. Na kaka yangu mwambie nimesema asituletee kitu tena. Lakini nikuulize. Kamera unairudisha kwa mwenyewe. Macho yako utayarudisha kwa nani?"

"Una maana gani?"

"Ile kamera ilijua lile ni gauni la nani? Ilikuwepo siku ile ulipokaa uani kwa kina Pindo mpaka jioni? Wewe ulikuwepo. Uliniambia mwenyewe, tena ulilia."

Kidevu alirudisha kamera, akang'oa ubao, akauegemeza nyuma ya nyumba uso ukutani, akarudi barabarani na dude lake la zamani shingoni. Kamera kubwa, mwendo wa pole, tabasamu. Watu walimwona kwenye kona kama zamani. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma yake. Kinyozi alishusha pazia. Muuza mkaa akasema bila kugeuka, "Leo hapana, Kidevu," na sauti yake haikuwa ya kusema labda kesho. Kamera ilikuwa ileile, kraa-chap ilikuwa ileile. Mtu nyuma yake ndiye waliyekuwa wamemjua sasa.

Akakaa akifikiri namna ya kutengeneza. Harusi ilikuwa inakaribia. Gauni halina zipu, Pindo hana kazi, mtaa mzima unamcheka, na mafundi wa upande wa pili walikwisha anza kuwaambia wateja wao, "Kwetu nguo yako haitavaliwa na mtu." Basi asubuhi moja alivaa shati lake la kola, akaenda nyumbani kwa mwenye duka la mbao. Akakaribishwa ukumbini, kwenye makochi yaliyofunikwa nailoni. Mbele ya yule mama akasema kwamba kosa lote ni lake yeye: kwamba siku ile yeye ndiye aliyemwomba Pindo aliinue gauni na kufumba macho, ili yeye mpiga picha apime mwanga, kwa ajili ya kujiandaa kupiga picha za harusi. Pindo alikataa, yeye akamsihi, Pindo akakubali kwa shingo upande. Alilisema vizuri, kwa kusitasita palipotakiwa kusitasita. Yule mama akahema, akasema fundi mwingine waliyempelekea hata hivyo ameliharibu bega. Akaagiza gauni lirudishwe.

Kidevu alirudi karibu akikimbia. Alidhani atakuta uso umefunguka. Gauni lilikuwa limefika kabla yake, kwa pikipiki, limelala kwenye meza ya Pindo, na Pindo amelisimamia mikono kiunoni.

"Aliyelileta amenieleza. Kwamba uliniomba. Kwamba nilikataa. Kwamba ulinisihi."

"Ili wasikufikirie vibaya, dada."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe tu niliona..."

"Uliona." Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini. "Mara ya kwanza ulinipiga hukuniuliza. Ya pili ukanitundika hukuniuliza. Leo umenisemea, hukuniuliza. Sasa mtaa utasema Pindo hakuliinua kwa kutaka, alisihiwa, maskini. Nililiinua mimi. Nilitaka. Hilo nalo umelichukua?"

Kidevu aliteremsha macho. Chini kulikuwa na vipande vya uzi mweupe, akavitazama kama vimeandikwa kitu. Yote aliyoyafanya wiki ile, kurudisha kamera, kung'oa ubao, kwenda kule na shati la kola, aliyafanya ili kifua chake kipate kupumua. Hakuna hata moja alilolianza kwa kuuliza.

Ndipo akauliza. "Unataka nifanye nini?"

Pindo aliligeuza bega lililoharibiwa, akalitazama. "Jumamosi binti anakuja kujaribu. Uje, ukae hapo mlangoni. Bila kamera. Na ufunge mdomo."

Jumamosi alikuja, akakaa kwenye kibao mlangoni, mikono kwenye magoti. Mikono mitupu ilimsumbua, hakujua aiweke wapi. Binti alifika na mama yake. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye kuionea haya kidogo miguu yake mikubwa. Alipolivaa gauni, bega limekwisha tengenezwa, zipu imepanda bila kukwama, Pindo alipiga magoti kwenye pindo na chaki yake, akasema bila kuinua uso:

"Mwanangu, nikuambie jambo. Mpiga picha aliwadanganya. Hakuniomba. Nililiinua gauni lako mimi mwenyewe, nikajiwekea mwilini. La kwangu sikubahatika kulivaa. Nilitaka kuona linavyokuwa. Kama hutalitaka, mama atanidai kitambaa, nitakilipa."

Mama alivuta pumzi ya kuanzia, ile ya watu wa kutangaza. Binti alimshika mkono. Akamtazama Pindo pale chini.

"Na likawaje?" akauliza.

"Likawa vizuri," akasema Pindo. "Ila upande wa kushoto lilining'inia. Ndio huu ninaoupunguza."

Binti akacheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja. "Basi punguza, fundi, maana mimi mguu huo ndio mfupi."

Mama yake hakucheka. Alilipa, akasema neno la kwaheri kwa mlango badala ya mtu, na watu wake hawakuonekana tena kwa Pindo baada ya harusi. Picha za harusi alipiga mtu mwingine. Kidevu aliusikia muziki wao toka studio, akazipangusa lenzi zake ambazo hazikuwa na vumbi.

Kabla ya kuondoka siku ile ya kujaribu, akiwa mlangoni, alifungua kinywa kusema asante au samahani, yeye mwenyewe hajui lipi. Pindo alimkatisha.

"Cherehani nitairudisha barazani kesho. Ndani macho yananiuma. Lile dirisha lako, ukitaka kulifungua, gonga ukuta kwanza. Nikisema fungua, fungua. Nisiposema, usifungue."

"Sawa, da..." akameza. "Sawa."

Mpaka leo ndivyo anavyofanya. Anafika, anaitundika kamera kubwa kwenye msumari, anakwenda ukutani na kugonga kwa kifundo cha kidole. Kuna asubuhi sauti inakuja mara moja, "Fungua, mpiga picha," na yeye anafungua akiwa amegeuza uso upande wa barabara. Wiki iliyopita koti lilipita dirishani kwa ajili ya mzee mmoja wa fulana. "Si la kwako," Pindo alisema. "Ni la wateja." Kidevu alilipokea kwa mikono miwili.

Na kuna asubuhi anagonga, na upande wa pili cherehani inaendelea tu, haipunguzi hata mwendo. Hapo anawasha balbu, anakaa. Mteja akiingia, akijipepea kwa joto, akamwuliza mbona dirisha limefungwa na huku ndani hewa hakuna, Kidevu anamwelekeza kwenye kiti na kumwambia:

"Bado sijaambiwa."